Kuamini kwanza, kuchunguza kwanza au kuongozwa? Njia tatu za kuisoma Biblia, na ipi ikufae wewe wa Malindi

Kijana wa Malindi akisema tu kwamba anataka kuanza kuisoma Biblia, washauri hawakosekani. Mmoja atamwambia aamini kwanza, maswali yatapata majibu huko mbele. Mwingine atamwambia asikubali neno hata moja kabla hajajua nani aliandika, lini, na nakala zimetufikiaje. Wa tatu atamwambia asijisumbue peke yake, aje kanisani, wapo waliotangulia watakaomshika mkono. Kila mmoja ana mistari yake ya kushikilia, na kila njia ina watu wema walioipita wakafika.

Nataka kuziweka njia hizi tatu sambamba ili mwenye kuchagua achague akiwa ameona. Nitazipima kwa mambo ambayo hayana budi kumkuta msomaji wa huku kwetu: mstari mgumu, swali la jirani Mwislamu, siku ya msiba, na mhubiri mwenye fundisho jipya. Mimi ni Mkristo, na mwishoni nitasema wazi ninaegemea wapi.

Waliotangulia

Njia ya kuamini kwanza ina mzee wake mkubwa Afrika hii hii: Augustino, askofu wa Hipo, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Algeria. Ujanani aliifungua Biblia akaiona duni mbele ya maandishi ya Cicero, mwandishi wa Kirumi aliyempenda, akaiweka kando. Baadaye akahamia Milano, akamsikiliza askofu Ambrosio akihubiri, na kitabu kilekile kikaanza kumfungukia. Alibatizwa mwaka 387, na tangu hapo akafundisha kwamba mtu huamini ili apate kuelewa. Hoja hiyo ina uzito. Mwanamume anayemchunguza mchumba wake mwaka baada ya mwaka bila kumwamini hata siku moja atajua habari nyingi juu yake, lakini yeye mwenyewe hatamjua. Yapo mambo ambayo Biblia humwambia aliyekwisha kuinamisha moyo, na mwingine akiyasoma yanampita.

Njia ya kuchunguza kwanza nayo haikuletwa na wapinzani wa dini. Imo ndani ya Biblia yenyewe. Luka anaanza Injili yake kwa kusema kwamba amejitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo, apate kumwandikia Theofilo kwa taratibu. Hayo ni maneno ya mtu aliyeulizia mashahidi. Paulo, akiwaandikia Wakorintho kuhusu ufufuo, anataja watu zaidi ya mia tano waliomwona Bwana, kisha anaongeza kwamba wengi wao wangali hai, kana kwamba anawaambia nendeni mkawaulize. Na Tomaso, ambaye mahubiri mengi humsema vibaya, hakufukuzwa kwa kutaka kugusa. Alitokewa, akaambiwa alete mkono wake.

Ya tatu ni ya yule towashi Mwethiopia kwenye Matendo sura ya 8. Anasoma Isaya akiwa garini, Filipo anamuuliza kama yamemwelea, naye anajibu kwa unyofu: atawezaje, mtu asipomwongoza? Kanisa Katoliki limeisimamia njia hii kwa nguvu kuliko wengine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1965 juu ya Ufunuo, ulifundisha kwamba Maandiko na Mapokeo, yaani mafundisho yaliyopokezanwa tangu mitume, hupokewa pamoja, na Kanisa ndilo linalofafanua. Lakini hata Mprotestanti anayesema anafuata Biblia peke yake, kwa kweli huisoma akiwa na sauti ya mchungaji wake masikioni, na nyimbo za kwaya, na mafundisho ya kipaimara au ya ubatizo. Hakuna asomaye akiwa hana mtu nyuma yake.

Mstari mgumu

Chukua Marko 16:18. Waaminio, inasema, "watashika nyoka; hata wakinywa kitu cha kufisha, hakitawadhuru kabisa." Huku kwetu nyoka si habari ya kusimuliwa tu. Mtu wa Magarini au Ganze anayelima anajua koboko ni nini, na Watamu kuna kituo kinachofahamika kwa kazi yake ya kuwasaidia walioumwa. Basi mstari huu tuufanyeje?

Anayeamini kwanza ana hatari na ana kinga. Hatari tunaiona Marekani, milima ya Appalachia, ambako tangu mwanzoni mwa karne ya 20 yapo makanisa madogo ambayo waumini wake hushika nyoka wenye sumu ibadani kwa sababu ya maneno haya, na wapo waliokufa kwa kuumwa. Hawakukosa imani. Kinga ni kwamba imani iliyozoea kusoma Biblia nzima itakumbuka Matendo 28: Paulo kule Malta aliumwa na nyoka akiokota kuni, akamtikisia motoni, hakudhurika, lakini hakwenda kumtafuta. Itakumbuka pia jibu la Yesu kwa Ibilisi aliyemnukulia zaburi akitaka ajitupe kutoka juu ya hekalu: tena imeandikwa, usimjaribu Bwana Mungu wako. Neno hilo "tena imeandikwa" ni shule nzima. Andiko moja haliruhusiwi kukimbia peke yake.

Anayechunguza atagundua jambo ambalo mwenzake huenda asilijue maisha yake yote. Nakala mbili kongwe zenye Injili ya Marko karibu nzima, zinazoitwa Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, zinaishia sura ya 16 mstari wa 8, pale wanawake wanapokimbia kaburini kwa hofu. Mistari ya 9 hadi 20 haimo. Imo katika nakala nyingi sana za baadaye, na Irenayo, askofu wa kale, aliunukuu mstari wa 19 tangu karne ya 2, kwa hiyo nayo ni ya kale. Hata hivyo wataalamu wengi wanaona kwamba haikutoka kwa mkono wa Marko mwenyewe. Tafsiri nyingi za leo huweka mabano au maelezo chini ya ukurasa kumwarifu msomaji. Ukiijua habari hii, huwezi tena kumruhusu mtu ajenge juu ya mstari huo jambo la kufa na kupona.

Anayeongozwa na Kanisa atapata kitu kingine tena. Kanisa Katoliki linaipokea mistari hiyo kama Maandiko Matakatifu, na husoma sehemu yake siku ya Kupaa Bwana katika mwaka B, wa pili katika mzunguko wake wa miaka mitatu wa masomo. Lakini miaka yote hiyo ya kuisoma halijamwagiza mtu yeyote aokote nyoka. Desturi ya kusoma pamoja kwa karne nyingi imeuweka mstari mahali pake bila kuufuta.

Kwa mstari wa namna hii ningempa ushindi mchunguzi, ingawa kwa tofauti ndogo. Naye ana siku zake ngumu. Luka huyohuyo mwangalifu anasema Yesu alizaliwa wakati wa orodha ya kwanza, hapo Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu. Sensa ya Kirenio tunayoijua kutoka kwa mwanahistoria Yosefo ilikuwa mwaka wa 6 baada ya Kristo, na Herode, ambaye Mathayo anasema alikuwa bado anatawala, kwa hesabu ya wataalamu wengi alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Yapo majibu kadhaa, na hakuna hata moja lililowaridhisha wote. Aliyesema ataamini siku kila swali litakapofungwa atakwama hapa, na atakwama kwingine. Mwenye imani anaweza kuliacha swali wazi akaendelea kusoma, na kufanya hivyo si uvivu. Tunawaamini mama zetu tukiwa na maswali kadhaa juu ya maisha yao ambayo hawajawahi kutujibu.

Swali la jirani

Malindi huwezi kuisoma Biblia kana kwamba Waislamu hawapo. Mji ni wao tangu kabla Vasco da Gama hajatia nanga hapa 1498. Fransisko Ksaveri, akiwa njiani kwenda India mwaka 1542, alisimama Malindi na akazungumza dini na mwenyeji mmoja mwenye heshima. Katika barua yake anasimulia kwamba mtu huyo alimuuliza kama makanisa ya Ulaya yana watu, kwa kuwa yeye alisikitika: mji ulikuwa na misikiti 17 na watu walikuwa wakienda mitatu tu. Napenda kisa hicho kwa sababu ni watu wawili wa dini mbili wakiulizana kama majirani, na swali lao lilikuwa la imani yenyewe.

Swali la siku hizi linafahamika: Biblia yenu imebadilishwa. Anayeamini tu atajibu kwamba yeye anaamini haijabadilishwa, na mazungumzo yataishia hapo. Mchunguzi ana la kuonyesha. Mwaka 1947 kwenye mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yalianza kupatikana magombo ya kale, na mojawapo ni gombo zima la Isaya lenye urefu wa zaidi ya mita 7, lililoandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo. Kabla yake, nakala kongwe za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa zilikuwa za karibu miaka elfu moja baada ya Kristo. Walipolinganisha, walikuta tofauti nyingi za herufi na maneno, lakini kitabu ni kilekile. Anayesema Isaya aliandikwa upya ili kuwapendeza Wakristo, gombo hilo halimuungi mkono, maana lilikuwapo kabla hawajakuwapo Wakristo.

Habari hiyo niliwahi kumweleza mzee mmoja Mwislamu tunayeketi naye barazani baada ya magharibi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema: "Haya, mwanangu, nimekubali karani hakukosea. Sasa aliyemwambia karani aandike, wewe umemjuaje?"

Swali lake linastahili heshima, kwa sababu linaonyesha mahali barabara ya ushahidi inapokoma. Magombo yanaweza kuthibitisha kwamba maneno yamehifadhiwa. Jiwe lililopatikana Kaisaria mwaka 1961 lenye jina la Pontio Pilato linathibitisha kwamba liwali huyo alikuwapo. Hakuna gombo wala jiwe litakalothibitisha kwamba Mungu alisema na Isaya, au kwamba aliyesulubiwa chini ya Pilato alichukua dhambi za watu. Hapo mtu huamini au haamini. Nilimjibu mzee kwamba nimemjua kwa kumsikia, kama yeye alivyomjua Mola wake kwa kusikia kisomo tangu utotoni, na kwamba nimeyajaribu maneno hayo maishani mwangu yakanibeba. Hakukubaliana nami, lakini alielewa kwamba sasa ninazungumza lugha anayoifahamu.

Siku ya msiba

Hapa sitakawia. Usiku wa matanga hakuna anayeuliza tarehe ya nakala. Mama aliyezika mtoto anahitaji Zaburi, na anahitaji hasa zile ambazo hazimharakishi kufurahi, kama ya 88 inayoanza kwa kilio na kuisha gizani. Mchunguzi anaweza kumwambia zaburi hiyo ni ya aina gani ya ushairi. Mwenye imani anaweza kuisali. Ushirika utakaa naye mkekani mpaka alfajiri, na utamsomea yeye asipoweza kushika kitabu. Njia ya pili, ikiwa peke yake, siku hiyo haina la kumpa.

Mhubiri mwenye fundisho jipya

Sisi wa Malindi hatuna ruhusa ya kulipita jambo hili haraka. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, upande wa bara kutoka mjini kwetu, makaburi yalianza kufukuliwa. Ilitolewa miili zaidi ya 400, watoto wengi wakiwemo. Waumini wa mhubiri mmoja walikuwa wamefundishwa, kama ilivyoelezwa mbele ya mahakama na katika uchunguzi wa Bunge la Seneti, kufunga chakula mpaka wafe ili wakutane na Yesu.

Wengine walisema: mnaona, imani ndiyo hiyo. Wengine: walikuwa wajinga tu. Yote mawili yananiuma. Miongoni mwao walikuwemo watu waliosoma, watu wenye kazi zao, na imani yao kwa Mungu sithubutu kuidharau. Kilichoibwa ni kile kile tunachokisifu katika njia ya kwanza: utayari wa kumtegemea Mungu bila kudai maelezo. Mtu aliingia katikati, akaupokea utayari huo uliokuwa wa Mungu.

Maandiko yenyewe yalikuwa na la kusema. Eliya alipochoka chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumsifu kwa kutaka kufa. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako," na kando ya kichwa chake palikuwa na mkate na chupa ya maji. Isaya 58 inasema saumu aliyoichagua Mungu ni kufungua vifungo vya uovu na kuwagawia wenye njaa chakula. Waraka wa kwanza kwa Timotheo sura ya 4 unaonya waziwazi juu ya watu watakaowaamuru wengine wajiepushe na vyakula ambavyo Mungu aliviumba vipokewe kwa shukrani. Kurasa hizi zimo katika kila Biblia inayouzwa mjini. Lakini mtu akishafundishwa kwamba kuuliza ni kukosa imani, anaweza kuwa nazo mkononi na asizione.

Na njia ya tatu? Nayo haikuwaokoa, tuseme ukweli. Walikuwa na ushirika, tena wa karibu sana. Walikuwa na kiongozi wa kuwafafanulia. Tofauti ni kwamba alikuwa mmoja, na hakuwa na wa kumuuliza. Kanisa lenye baraza la wazee, lenye askofu anayeweza kumwondoa padri, lenye sinodi au mkutano mkuu, lenye Wakristo wa madhehebu mengine mnaosomeana nao Biblia, lina mianya mingi ambayo hewa inapita. Sisemi makanisa makubwa hayakosei. Nasema likikosea, kuna mlango wa kugonga.

Nikiipima kwa kipimo hiki, ile ya kuamini bila kuchunguza ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, na nasema hivyo nikiwa mtu wa imani.

Muda na vifaa

Hili ni dogo. Kuamini kwanza kunahitaji Biblia moja tu. Kuchunguza kunahitaji angalau tafsiri mbili, na Kiswahili kinazo: ile ya Muungano ya 1952, ambayo wengi wetu tumeikariri, na Biblia Habari Njema yenye lugha nyepesi. Zote zinapatikana hata kwenye simu bila malipo. Kuongozwa kunahitaji jioni moja ya wiki, kwenye jumuiya ndogo ndogo au ushirika wa nyumbani. Kumbuka tu kwamba Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73 na ya Kiprotestanti 66, usije ukadhani ya jirani imeongezwa au yako imepunguzwa.

Ninapoegemea

Ninawaegemea watu wa Beroya. Luka anasema kwenye Matendo 17:11 kwamba walilipokea neno kwa uelekevu wa moyo, wakayachunguza maandiko kila siku, waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Tazama walikuwa wakimchunguza nani: Paulo, mtume. Wala Luka hasemi walikosa imani. Anawaita waungwana. Walifanya hivyo wakiwa wengi, katika sinagogi lao, si mmoja mmoja gizani. Moyo ulifunguliwa kwanza, akili ikafuata siku hiyohiyo, na yote yakafanyika mbele ya wenzao. Imani yao ilikuwa ya kumpa shahidi nafasi ya kusema, na ilitosha kuanzia.

Lakini watu si sawa, na ushauri wangu unabadilika kulingana na aliye mbele yangu. Aliyelelewa kanisani tangu shule ya Jumapili, anayejua mistari kwa moyo, ningemsukuma kwenye uchunguzi. Asome Injili moja kwa mara moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ajifunze habari za nakala, akutane na Kirenio. Imani yake ina mizizi ya kutosha kustahimili.

Aliyetoka chuo na maswali mengi, anayesubiri ushahidi wa mwisho, ningemwomba afanye lile asilolipenda: asali kabla ya kusoma, hata kama ni kwa maneno ya yule baba katika Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Aende ibadani miezi kadhaa asikilize, aone watu wanaoishi kwa maneno hayo. Hatapoteza akili yake kwa kufanya hivyo.

Na aliyetoka katika kundi lililomuumiza, na huku kwetu wapo, nisingemwambia aamini kwanza. Neno hilo limetumika kumfunga. Ningemwambia atafute watu watatu au wanne wanaosoma pamoja, mahali ambapo anaweza kusema sikubaliani na bado akapewa chai. Aanze na Luka, taratibu. Imani ikirudi, irudi kwa miguu yake.

Kabla hujajiunga na kundi lolote, nenda na swali moja la kweli, kama hilo la mwisho wa Marko, umuulize kiongozi mbele ya wengine kwa adabu. Akijua, atakueleza. Asipojua, atasema atalitafuta, na wiki ijayo atakuwa amelitafuta. Akikukemea kwa kuuliza, shika Biblia yako uende kwingine. Makanisa hapa mjini ni mengi, kuanzia Barani hadi Maweni.